Samaki-chura Mbeya: kumtunza samaki wa matumbawe asiyetaka kuonekana

Mfuko ulianza kujaa tulipoanza kupandisha Kitonga. Nilikuwa nimelipakata boksi la foamu tangu Dar es Salaam, na ndani yake mlikuwa na mfuko wa plastiki wa tabaka mbili: theluthi moja maji ya bahari, theluthi mbili oksijeni, na samaki wa ukubwa wa kiganja cha mtoto, amekaa chini kama kipande cha sponji. Mikumi mfuko ulikuwa bado unabonyea. Ilula ulikuwa umekaza kama mpira. Mafinga nikaogopa hata kuugusa. Kondakta aliniona nafunua kifuniko kila mara, akauliza, "Mama, ni vifaranga hao?" Nikamwambia ni samaki. Akainama, akachungulia muda mrefu. "Mbona humu namo hamna kitu, mama?"

Tukateremka bonde la Usangu, na Chimala mfuko ukalegea wenyewe. Tulipoanza kupanda tena Inyala kuelekea Uyole, ukakaza upya. Hakuna aliyeongeza hewa wala kuipunguza. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa inayotukandamiza ni kama asilimia 81 tu ya ile ya Dar es Salaam. Hewa iliyofungwa pwani ikifika hapa hutanuka kwa karibu robo ya ujazo wake. Anayefunga samaki wa kwenda Kigamboni anaweza kuukaza mfuko anavyotaka. Wa kuja Nyanda za Juu, mwambie auache umelegea.

Naanza na mfuko kwa sababu kitu kilichoutanua ndicho kitakachokusumbua baadaye ndani ya tangi, miezi yote utakayomfuga samaki huyu. Nitakirudia.

Wengi wanaoniuliza juu ya samaki-chura huja na hoja moja: samaki asiyeogelea ovyo, asiyekula kila siku, asiyehitaji mwenzake, lazima atakuwa mwepesi kufuga. Hoja inaeleweka, lakini imesimama kichwa chini miguu juu. Samaki mzima wa aina hii ametulia, na samaki anayekufa naye ametulia. Mwili uliotengenezwa kuwaficha adui na mawindo unakuficha na wewe pia: njaa yake, ugonjwa wake, kukosa kwake hewa. Kwa hiyo kazi ya mfugaji si kumtazama tu. Ni kuyajua maji kuliko unavyomjua samaki, kisha kujifunza dalili mbili tatu ambazo hawezi kuzificha.

Ni nani hasa huyu

Samaki wa matumbawe wanaojificha kwa kufanana na mazingira ni wengi, na majina yao huchanganywa vibaya sokoni. Kuchanganya huku si jambo dogo, maana mmoja wao anaweza kukuua.

Huyo ni samaki-jiwe, kitaalamu Synanceia verrucosa, anayepatikana pia katika mwambao wetu wa Bahari ya Hindi. Mdomo wake umeelekea juu, ngozi ina mabonge na mara nyingi imeota mwani, na mgongoni ana miiba ipatayo 13 yenye vifuko vya sumu. Ukimkanyaga au ukimshika, maumivu yake hayaelezeki. Huduma ya kwanza ni kutumbukiza mahali palipochomwa katika maji ya moto kiasi cha kuvumilika, kama nyuzi 45, kwa sababu joto hudhoofisha sumu hiyo, huku safari ya hospitali ikiandaliwa mara moja. Maji yajaribiwe kwa mkono usioumia, kwani ule ulioumia hauwezi tena kupima joto na utaungua. Samaki huyu hafai nyumba yenye watoto. Mimi nasema hafai nyumba yoyote.

Yupo pia samaki-nge, mwenye miiba kichwani na mapezi ya kifuani yaliyofunguka kama kipepeo cha mkeka. Naye ana sumu. Mdogo wake wa ukoo, samaki-jani, ni mwembamba kama jani lililokauka, huyumbayumba na mawimbi, na kila baada ya muda huvua ngozi yote ya juu kama nyoka ili kujisafisha mwani na wadudu. Kwa uzuri wa kujificha ningempa samaki-jani nafasi ya kwanza.

Wangu ni samaki-chura, wa ukoo wa Antennariidae wenye aina kama 50 duniani. Hana miiba ya sumu. Utamtambua kwa mambo matatu. Mapezi yake ya kifuani yamegeuka mikono yenye kiwiko, naye hutembea nayo juu ya mawe. Matamvua yake hayana kifuniko kipana kama cha sato au changu. Yanapumulia kwenye tundu dogo la duara lililo nyuma ya kiwiko. Na juu ya pua ana ufito mwembamba, ambao zamani ulikuwa mwiba wa kwanza wa pezi la mgongoni, na nchani mwake pana kipande cha nyama kinachofanana na mnyoo au kamba mdogo. Hicho ni chambo. Huku kwetu karibu na Ziwa Nyasa neno hilo lina maana mbili, moja ya samaki mtamu wa ziwani na nyingine ya kitu cha kumnasia samaki; samaki-chura ni samaki aliyezaliwa na chambo chake usoni.

Ukiketi mbele ya tangi usiku, taa ya sebuleni ikiwa imezimwa na ya tangi imefifishwa, utaiona kazi yenyewe. Mwili wote hautikisiki. Macho tu ndiyo yanazunguka. Kisha ufito unainuka, unatikiswa mara tatu nne mbele ya mdomo, unalazwa tena. Akikaribia mnyama mdogo, mdomo unafunguka, na sehemu ya ndani inatanuka mpaka mara 12 ya ujazo wake, maji yanavutwa pamoja na mawindo. Ukiigawa sekunde moja vipande 1,000, tendo lote linachukua kama vipande 6. Kupepesa jicho kunahitaji zaidi ya 100. Utaona samaki mdogo yupo, halafu hayupo. Wahenga waliosema kimya kingi kina mshindo mkuu walikuwa hawajamwona huyu, lakini wangemwona wangemwelewa mara moja.

Habari ya rangi nayo inataka kunyooshwa. Samaki-chura habadiliki kwa dakika kama kinyonga wa kwenye mapera. Anahitaji siku na majuma. Wangu alifika akiwa wa manjano kama ndizi iliyoiva. Nilimwekea mawe mepesi meusi ya volkeno kutoka upande wa Rungwe, na juma la tatu nikaona kijivu kinaanza kwenye mikono yake, kikapanda tumboni. Juma la sita alikuwa na rangi ya majivu yenye madoa ya hudhurungi, na mgeni aliyekuja kunisaidia kubadilisha maji alimwaga kikombe karibu naye bila kumwona. Tangu siku hiyo hakuna mkono unaoingia tangini kabla sijajua samaki yuko wapi.

Chumvi si bahari

Hapa ndipo wengi wa huku bara wanapopotea, na ninataka nikae hapo kidogo.

Lita moja ya maji ya bahari ina kama gramu 35 za chumvi. Mtu akisikia hivyo anapima gramu 35 za chumvi ya mezani, anakoroga, anafurahi. Lakini kwenye gramu hizo 35, sodiamu na kloridi, yaani chumvi tunayoijua jikoni, ni kama asilimia 85 tu. Zilizobaki ni salfeti, magnesiamu, kalisiamu, potasiamu na vingine vingi kwa vipimo vidogo. Bila hivyo, mwili wa samaki unashindwa kupanga maji na madini yake, na maji hayawezi kushikilia kiwango cha alikali kinachotakiwa.

"Basi nitatumia chumvi ya baharini yenyewe," mtu husema, akimaanisha ile inayokaushwa kwa jua Bagamoyo au Mtwara. Nayo haifai, na sababu yake ni nzuri kuijua. Maji ya bahari yanapokauka shambani, madini hayadondoki yote kwa pamoja. Chokaa na jasi hutangulia. Kisha hudondoka chumvi ya kula, na hiyo ndiyo inayokusanywa. Magnesiamu na potasiamu hubaki kwenye yale maji machungu ya mwisho yanayomwagwa. Kwa hiyo chumvi ya gunia, hata ikitoka baharini, ni sehemu moja ya bahari iliyochambuliwa. Chumvi ya Uvinza, ambayo hutokana na chemchemi za nchi kavu, ndiyo kabisa haihusiki. Kinachohitajika ni mchanganyiko uliotengenezwa makusudi kwa tangi la samaki wa bahari, wenye madini yote kwa uwiano wake. Tangi langu, lililounganishwa kwa silikoni na fundi wa vioo wa Mwanjelwa, lina sentimita 90 kwa 40 kwa 40. Ukitoa mawe na nafasi ya juu, linabaki na lita kama 120. Hiyo ni kilo 4.2 za mchanganyiko kuanzia, na kila juma nikibadilisha lita 15 natumia zaidi kidogo ya nusu kilo.

Kubeba maji halisi kutoka pwani kunawezekana, lakini ni zaidi ya kilomita 800 za barabara, na lita 120 ni kilo 120 na ushei. Mchanganyiko mkavu ndio njia.

Maji ya kuchanganyia nayo yana mambo yake. Ya bomba yana klorini. Ya mvua tunayokinga huku kwa wingi kuanzia Novemba yanaonekana safi kuliko yote, lakini yamepita juu ya bati, na bati limepakwa zinki. Kiasi kidogo cha zinki au shaba, ambacho mtu anakunywa bila kudhurika, huwaua wanyama wa bahari wasio na uti wa mgongo, na samaki nao huumia. Mimi natumia maji yaliyopita kwenye mashine ya kuchuja kwa shinikizo. Asiye nayo anunue ya kituo kinachouza maji ya kunywa yaliyochujwa kwa njia hiyo hiyo, na aulize kama hawarudishii madini mwishoni.

Halafu kuna kosa dogo linaloua polepole. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, hewa yetu ni kavu na upepo haukosi. Maji ya tangi hupanda hewani, chumvi haipandi. Kadiri maji yanavyopungua, ukali wa chumvi unaongezeka. Mtu akiona maji yamepungua anaongeza maji ya chumvi, na tangi linazidi kuwa kali kila siku. Maji yaliyokwenda hewani yalikuwa matamu, kwa hiyo yanarudishwa matamu. Nimebandika kipande cha utepe kwenye kioo kuonyesha kina, na kila asubuhi kabla ya chai narudisha maji mpaka kwenye utepe. Agosti ni lita moja na zaidi kwa siku. Kipimo cha uzito wa maji, ukilinganisha na maji matamu, kinatakiwa kusoma 1.025 hivi.

Bakteria wanaotangulia samaki

Samaki anakula, anatoa amonia kwa matamvua na kinyesi. Amonia ni sumu. Bakteria wa aina moja huibadilisha kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Wengine huibadilisha nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia kwa kiasi mpaka uibadilishe pamoja na maji. Bakteria hawa huishi juu ya mawe, mchanga na ndani ya filta. Tangi jipya halina. Ukiweka samaki siku ya kwanza, unamfungia chumbani na choo kisicho na shimo.

Kinachofanya maji ya bahari kuwa makali hapa kuliko maji matamu mengi ni ualikali wake. Maji ya bahari yana pH, yaani kipimo cha asidi na alikali, ya 8.1 hadi 8.4, na kadiri pH inavyopanda ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia inavyokuwa katika umbo lake lenye sumu. Mfugaji wa perege aliyezoea kuponea chupuchupu ataona amonia ile ile, kwa kipimo kile kile, inaua kwenye tangi la maji ya bahari.

Unaweka kipande cha kamba kioze ndani ya tangi tupu, unawasha hita na pampu, unapima kila baada ya siku chache mpaka amonia na nitriti zote zirudi sifuri. Kwa kawaida ni majuma manne hadi sita. Bakteria hupenda joto. Nilianza langu mwezi wa sita, hita ikiwa ndogo, ikanichukua majuma tisa. Mawe ya Rungwe yana matundu mengi madogo na ni nyumba nzuri kwao, ila mengine huelea, kwa hiyo nimeyaweka ndani ya mfuko wa wavu kwenye filta, na yale mazito nikayapanga chini. Niliyaloweka na kubadilisha maji kwa majuma kadhaa kabla ya kuyatumia.

Na sasa turudi kwenye mfuko wa safari. Kwa saa 15 samaki anapumua ndani yake, hewa chafu ya kaboni inajikusanya, na pH ya maji inashuka. Kushuka huko kunamlinda: amonia aliyoitoa inabaki katika umbo lisilo kali. Ukifungua mfuko, hewa ya kaboni inatoka, pH inapanda ndani ya dakika chache, na sehemu kubwa zaidi ya amonia ya safari inageuka kuwa sumu samaki akiwa bado humo. Ndiyo maana ule utaratibu wa kumwaga maji ya tangi tone kwa tone ndani ya mfuko ulio wazi kwa saa mbili haufai kwa aliyesafiri mbali. Mfuko uelee tangini ukiwa umefungwa dakika 15 au 20 joto lilingane. Maji ya tangi yawe yameshaandaliwa chumvi sawa na ya muuzaji, uliyemuuliza kabla ya safari. Kisha fungua na mhamishe bila kuchelewa.

Mhamishe ndani ya maji. Kwa kikombe au bakuli, kamwe si kwa wavu. Samaki-chura akitolewa nje hujivimbisha kwa kumeza hewa, na hewa iliyonasa tumboni yaweza kumuua.

Oksijeni ya mita 1,700

Maji ya chumvi hushika oksijeni kidogo kuliko maji matamu. Pwani, maji matamu ya nyuzi 25 yaliyoshiba hewa yana kama miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita. Ya bahari kwa joto hilo hilo yana kama 6.8. Sasa yapandishe hadi Mbeya, kwenye hewa ya asilimia 81, yanabaki na kama 5.5. Hiyo ni kabla samaki hajavuta pumzi, kabla bakteria hawajachukua sehemu yao, na bakteria ni walaji wakubwa wa oksijeni. Maelekezo mengi ya ufugaji yameandikwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Pampu inayowatosha wao haitutoshi sisi.

Lakini samaki-chura hapendi mkondo mkali. Ukimwelekezea pampu usoni anahangaika, na akikaribia mdomo wa pampu usiofunikwa anaweza kunaswa. Ufumbuzi ni kuutikisa uso wa maji badala ya kusukuma maji chini. Bomba la filta yangu limeelekea juu, uso wote unatetemeka, na chini kumetulia. Nina pia mtambo wa kukamua uchafu kwa povu, ambao unaingiza hewa nyingi. Kifuniko cha kioo nimekiacha na nafasi ya vidole vitatu.

Joto linatakiwa kati ya nyuzi 24 na 26. Usiku wa Julai nje ni chini ya nyuzi 10, na nyumba zetu hazina joto la kuwashwa. Hita mbili za wati 100 ni bora kuliko moja ya wati 200. Moja ikifa, nyingine inashikilia. Moja ikigoma kuzima, haina nguvu ya kupika tangi lote kabla hujagundua.

Mlo wa mara mbili kwa juma

Samaki anayeishi kwa kusubiri hana bajeti ya kukimbia, na mwili wake hautumii nguvu nyingi. Wangu anakula Jumatatu na Alhamisi. Akiona mtu amekaribia kioo, hutikisa chambo na kukodoa macho, na moyo wa mfugaji unalainika. Usimpe. Kumlisha kupita kiasi ndiyo njia ya kawaida ya kumpoteza: mlo mkubwa hukaa tumboni, huoza kabla ya kusagika, na kinyesi kikija hutoka kingi kwa mara moja, bakteria wakashindwa kukimaliza. Kipande kisizidi nusu ya upana wa kichwa chake. Kinyesi kikionekana, kitolewe saa hiyo.

Chakula changu ni kamba wabichi na vipande vya samaki wa baharini waliogandishwa, wasiotiwa chumvi wala limao, ninaowanunua mjini. Nashika kipande kwa koleo refu la plastiki na kukitikisa mbele yake kama kinachoogelea. Wiki ya kwanza alinipuuza kabisa. Ya pili akakivamia. Samaki wa maji matamu kama goldfish, wanaouzwa kama chakula cha samaki wengine, si lishe ya kudumu: wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na kugandisha hakukiui.

Kuhusu mwenzake wa tangini, jibu ni fupi. Hakuna. Anameza samaki karibu wa ukubwa wake mwenyewe, akiwemo samaki-chura mwingine, na anayemeza asiyeweza kumkamilisha hufa naye mdomoni. Wasiomezeka humng'ata ngozi.

Kuhesabu pumzi

Lile tundu dogo nyuma ya kiwiko ndilo dirisha pekee lisilofungwa. Linafunguka, linafumba, kila pumzi. Kila jioni saa mbili, na siku za mlo kabla ya kulisha, ninakaa na saa na kuhesabu dakika moja. Wangu ni kati ya 16 na 20 akiwa mzima. Samaki wako atakuwa na hesabu yake, na lazima uijue wakati hakuna tatizo, kwa sababu siku ya tatizo hutakuwa na cha kulinganisha.

Usiku mmoja wa Julai umeme ulikatika saa mbili kasoro. Kufika saa tano nilimulika kwa tochi. Alikuwa pale pale, mkao ule ule, rangi ile ile. Kwa macho tu ningekwenda kulala. Nikahesabu: 34. Maji yalikuwa yamesimama saa tatu, bakteria wanavuta oksijeni na uso wa maji hautikisiki. Nikawasha pampu ndogo ya hewa ya betri, nikasubiri nusu saa, nikahesabu: 25. Saa sita na nusu, 21. Nikafunga blanketi pande tatu za tangi, juu nikaacha wazi, na nikaelesha chupa mbili za maji ya moto zilizofungwa vizuri, nikizibadilisha mpaka alfajiri. Tangi lilishuka hadi nyuzi 21, na umeme uliporudi nililirudisha taratibu, nyuzi moja kwa saa.

Kuna mambo mawili ya usiku kama huo ambayo hayasemwi vya kutosha. Filta ya kopo iliyofungwa, ikisimama saa nyingi, maji ya ndani yake hukosa oksijeni na kuoza. Ukiiwasha tu, unamwaga uozo huo tangini. Ifungue, mwaga maji yake, suuza kwa maji ya chumvi, ndipo uiwashe. Na usilete jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ili kuokoa tangi. Hewa ya mkaa imewaua watu waliokuwa wakijipasha moto usingizini. Samaki hawezi kulipwa kwa bei hiyo.

Kabla hujapanda basi

Samaki huyu hatoki kwenye shamba la samaki. Anatoka kwenye matumbawe, karibu kila mmoja. Matumbawe yetu yameshaumizwa na uvuvi wa baruti na kwa maji ya bahari kupata joto. Muulize muuzaji alivuliwa wapi na kwa kibali gani, na usikubali aliyetolewa ndani ya hifadhi ya bahari kama ile ya Mafia iliyoanzishwa mwaka 1995. Asiyeweza kujibu swali hilo hana samaki wa kukuuzia.

Na kama kinachokuvutia ni ujanja wa kujificha wenyewe, si lazima chumvi. Ziwa Nyasa, hapo chini Matema, lina samaki anayeitwa kitaalamu Nimbochromis livingstonii. Huyu hujilaza ubavu mchangani na mabaka yake kama mzoga unaooza. Vidagaa wakija kudonoa, anawameza. Upande wa Malawi wanamwita kaligono, mlalaji. Anakua na kupita sentimita 20, anahitaji tangi kubwa kuliko langu, lakini maji yake ni ya nyumbani, na ningefurahi kuona wafugaji wengi wa Kyela na Mbeya wakimjua.

Kwa anayemtaka samaki-chura hata hivyo, sharti langu ni moja dukani. Mwombe muuzaji amlishe mbele yako, kisha rudi siku mbili tatu baadaye kumtazama tena kabla ya safari, akiwa ameachwa bila chakula ili asichafue mfuko. Asipokula, usimchukue kwa huruma. Safari yangu ya kwanza nilikaa Dar siku nne, nikapelekwa mbele ya samaki watatu, wote wazuri, hakuna aliyegusa kamba. Nilirudi Mbeya na boksi tupu miguuni.